Mpagazi wa Unyamwezi na Mwamba wa Goli

Jua linapopungua ukali, viwanja vya mpira vya mjini Tabora hujaa vijana. Katika Cheyo, ambayo ni mojawapo ya kata za manispaa hiyo, si ajabu kuwaona baadhi yao, kabla ya mchezo kuanza, wakiurukia mwamba wa goli, wakaning'inia, kisha wakajaribu kujivuta juu mpaka kidevu kiuvuke mwamba. Wengi huishia nusu ya njia. Miguu hurushwarushwa, meno huumwa, shingo hunyooshwa kama ya kobe, na mwishowe vidole huachia. Aghalabu anayefaulu si yule mwenye kifua kipana aliyetarajiwa na wenzake, bali ni kijana mwembamba, tena mfupi, ambaye hakuna aliyemdhania.

Jambo hili dogo lina sayansi nyingi ndani yake. Lina historia pia, kwa sababu Tabora ni mji uliojengwa kwa mabega ya watu. Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapa kabla ya kuendelea hadi Ujiji. Katika karne ya 19, miaka mingi kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, karibu kila pembe ya ndovu iliyoshuka pwani na kila robota la merikani lililopanda bara lilichukuliwa na binadamu, na wengi wa binadamu hao walikuwa Wanyamwezi. Umaarufu wao ulizaa dhana kwamba Mnyamwezi alizaliwa na nguvu, kama vile simba alivyozaliwa na makucha. Dhana hiyo haikuwa na ukweli, na kama itakavyoonekana, dhana za namna hiyo zilikuja kugharimu roho za watu.

Frasila mbili begani

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32. Pembe kubwa ziliweza kuzidi hapo sana. Umbali wa kutoka Tabora hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800, na safari ilichukua miezi. Wanyamwezi walipenda kubeba begani, tofauti na watu wa pwani waliopendelea kichwani, na bega la mpagazi mzoefu lilikuwa na sugu ngumu kama unyayo.

Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora (wakati huo wageni waliita mahali hapo Kazeh) mnamo Novemba 1857, aliandika kwamba upagazi ulihesabiwa na Wanyamwezi kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wa umri wa miaka sita au saba walikwisha kuanza kubeba pembe ndogo mabegani. Burton hakuwa mtaalamu wa mwili wa binadamu, na hukumu zake nyingi juu ya Waafrika hazifai kurudiwa. Lakini habari hiyo moja yatosha kufumbua fumbo lote. Mtoto alianza na mzigo mdogo. Mwaka uliofuata ulikuwa mkubwa kidogo. Alipofikia umri wa kusafiri hadi pwani, mifupa, kano na misuli yake vilikuwa vimekwisha kuzoeshwa kwa muda wa miaka kumi. Wayunani wa kale walikuwa na hadithi ya Milo wa Krotoni, mpiga mieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, ambaye inasimuliwa kuwa alimbeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Na mwaka 1945 daktari wa Marekani, Thomas DeLorme, alieleza katika maandishi ya kitabibu jinsi alivyowarudishia askari majeruhi nguvu za miguu kwa kuwaongezea uzito hatua kwa hatua. Kanuni ni ileile: mwili hujijenga kulingana na mzigo unaozidi kidogo ule uliokwisha kuuzoea.

Hapa kuna swali ambalo walimu wa fizikia hupenda kuwatatizia wanafunzi wao. Je, mpagazi anayetembea na mzigo kwenye njia tambarare, kwa mwendo usiobadilika, anafanya kazi kiasi gani juu ya mzigo ule? Jibu la kitabu ni kwamba hafanyi kazi yoyote, maana kani anayoitoa yaelekea juu, na mzigo waenda mbele. Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mzigo wa kilo 32 ulioletwa kutoka Bagamoyo uliinuliwa, kwa hesabu ya mwanzo na mwisho, mita 1,200 tu. Kazi hiyo ni 32 × 9.8 × 1,200, yaani jouli 376,320, na nishati kiasi hicho hupatikana katika gramu 22 hivi za sukari!

Mpagazi yeyote angalicheka kusikia hesabu hiyo, na angalikuwa na haki. Kwanza, njia haikuwa tambarare: misafara ilipanda na kushuka milima ya Usagara, na kila mteremko ulipoteza kimo kilichokwisha kulipiwa. Pili, misuli si chuma. Msuli unaoshikilia uzito bila kusogea unaendelea kutumia nishati, kwa sababu ndani yake nyuzi za miosini zinashika na kuachia nyuzi za aktini mara nyingi kwa sekunde, na kila mshiko una gharama yake. Tatu, katika kila hatua mwili wote hupanda kidogo na kushuka tena. Sehemu kubwa ya gharama ya kutembea imo katika kupanda na kushuka huko.

Mwaka 1986 wanasayansi, mmoja wao akiwa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha matokeo ya kupima hewa ya oksijeni iliyotumiwa na wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliokuwa wakitembea na mizigo. Ilionekana kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila matumizi ya oksijeni kuongezeka. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 1995, ulieleza kwamba mwendo wao uliokoa nishati kwa namna ya timazi inayobembea: kimo kinachopotea hatua moja kinarudishwa kwa ufanisi zaidi katika hatua ifuatayo. Yafaa iongezwe kwamba utafiti uliofanywa baadaye Afrika Kusini na kuchapishwa 2010 haukuona nafuu hiyo kwa wabebaji wote. Watu walitofautiana sana. Kwa vyovyote vile, lililopimwa ni ustadi wa kutembea. Si ukubwa wa misuli, wala si damu ya kabila.

Mwaka 1914 na baada yake

Mpagazi wa karne ya 19, hata katika unyonge wake, alikuwa na kauli juu ya mzigo. Alipatana ujira na posho, aligombea mzigo mwepesi asubuhi ya safari, na aliyeona umezidi aliweza kuubwaga chini na kukataa kuondoka. Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, iliiondoa kauli hiyo. Katika Afrika Mashariki majeshi ya Uingereza na washirika wake yalichukua wapagazi wapatao milioni moja, wengi wao kwa shuruti. Wajerumani nao waliwachukua watu kwa maelfu mengi, Unyamwezi ukiwemo, mpaka Tabora ilipotekwa na majeshi ya Wabelgiji mnamo Septemba 1916.

Makadirio ya wapagazi waliokufa upande wa Uingereza peke yake yanakaribia laki moja. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kibaya: mahindi na unga usiopata muda wa kuiva motoni, uliowaharibu matumbo watu waliozoea nafaka nyingine. Wakubwa wa vita walihesabu mizigo, wakahesabu maili, wakadhani kwamba mwili wa Mwafrika ungevumilia tu. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi hicho cha wabebaji.

Kwa nini mwamba haudanganyiki

Sasa turudi uwanjani. Mpagazi hodari wa zamani, kama angeletwa leo chini ya mwamba wa goli, huenda asingeweza kujivuta hata mara moja. Nguvu haihamishiki yote kutoka kazi moja kwenda nyingine. Mapaja, mgongo na mabega yaliyozoea kubeba yana mazoea yake. Kujivuta juu kunataka misuli mipana ya mgongo inayoshuka kutoka kwapani hadi kiunoni, misuli inayoyakaza makombe ya mabega, misuli ya mbele ya mkono, na vigasha vyenye kushika bila kuachia.

Misuli hiyo hufanya kazi katika hali ngumu, kwa kuwa mifupa ya mkono ni wenzo wa daraja la tatu. Mtu akikunja kiwiko pembe mraba na kushika kiganjani kitu cha kilo 5, msuli wa mbele ya mkono, uliojishikiza kwenye kigasha kiasi cha sentimita 4 tu kutoka kiwiko, hulazimika kuvuta kana kwamba umebeba kilo 40, iwapo kiganja kipo sentimita 32 kutoka kiwiko hicho. Maumbile yametoa nguvu na kupokea wepesi: kiganja husafiri mbali na haraka, lakini msuli hulipa mara nane.

Aidha, kuna kanuni iliyoelezwa na Galileo mwaka 1638. Nguvu za msuli hutegemea eneo la mkato wake, ilhali uzito hutegemea ujazo. Chukua vijana wawili wenye umbo lilelile, mmoja wa kilo 40 na mwingine wa kilo 80. Uzito wa wa pili ni mara mbili, lakini eneo la mikato ya misuli yake ni kama mara 1.6 tu. Ana nguvu zaidi akisukuma gari lililokwama matopeni. Mwambani yeye ndiye mnyonge. Hiyo ndiyo siri ya kijana mwembamba wa Cheyo, na ndiyo sababu sisimizi anastaajabisha wakati tembo hawezi kuruka.

Ipo sababu nyingine isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1979 watafiti Moritani na deVries walionyesha kwamba nguvu zinazoongezeka katika majuma ya kwanza ya mazoezi hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kuliko unene wa misuli. Ubongo hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja. Waliwafunza watu mkono mmoja, na ule mwingine, ambao haukufanya zoezi lolote, ukapata nguvu kiasi. Kwa hiyo mwanafunzi anayejipima mkono kwa uzi baada ya juma la pili na kuukuta haujanenepa hana haja ya kukata tamaa, maana kazi inaendelea mahali ambapo uzi haufiki.

Yasemwayo vijiweni

Kuhusu mazoezi, kila kijiwe kina profesa wake. La kawaida zaidi ni kwamba maumivu ya kesho yake huletwa na asidi ya laktiki iliyoganda misulini. Laktiki huondoka karibu yote katika muda wa saa moja hivi baada ya zoezi, na sehemu yake hutumiwa na moyo na misuli kama kuni. Maumivu yanayofikia kilele baada ya siku moja hadi tatu yana chanzo kingine, ambacho Theodore Hough alikwisha kukidokeza mwaka 1902: michaniko midogo mno ndani ya msuli, hasa ule uliolazimishwa kurefuka ukiwa umebeba uzito. Ndiyo maana kuteremka mlima huuma kesho yake kuliko kuupanda. Msuli unahitaji kama siku mbili kujitengeneza, na anayejivuta kila siku mpaka achoke kabisa anabomoa ukuta ambao fundi hajamaliza kuupiga lipu.

Wengine hufanya mazoezi ya tumbo ili kuyeyusha mafuta ya tumbo. Mwili hauchoti mafuta mahali palipo karibu na msuli unaofanya kazi. Huyachota kutoka akiba yote, kwa mpango wake wenyewe. Hesabu nayo haina huruma. Mwanafunzi wa kilo 55 anayejiinua nusu mita hufanya kazi ya jouli 270 hivi. Akirudia mara kumi ni jouli 2,700. Kwa kuwa misuli hubadili sehemu kama moja ya tano tu ya nishati kuwa kazi, na iliyobaki huwa joto, atakuwa ametumia jouli 13,500, ambazo zimo katika gramu moja ya sukari, au pungufu. Kijiko kimoja katika kikombe cha chai kinazidi hapo mara kadhaa. Zoezi hili lina faida kubwa, lakini kukondesha siyo kazi yake. Wala kukimbia umevaa sweta katika joto la Oktoba mjini Tabora hakumkondeshi mtu: kilo moja inayopotea kwa jasho ni lita moja ya maji, nayo hurudi mara mtu anapokunywa. Asipokunywa, yupo hatarini.

Husemwa pia kwamba anayeacha mazoezi misuli yake hugeuka mafuta. Msuli na mafuta ni tishu mbili tofauti, na moja haiwezi kuwa nyingine kama vile muhogo usivyoweza kuwa mpunga. Msuli usiotumiwa hunywea. Mlaji asiyepunguza chakula hunenepa. Mambo mawili yametokea pamoja, na mtazamaji ameona moja.

Lililo zito kuliko hayo ni usemi kwamba wasichana hawafai kwa zoezi hili, au kwamba litawafanya wawe na miili ya kiume. Kwa wastani nguvu za mikono na kifua za mwanamke ni kati ya nusu na theluthi mbili za mwanamume, kwa sababu ana misuli michache zaidi sehemu hizo. Lakini sentimita ya mraba ya msuli wake huvuta karibu sawa na ya mwanamume. Homoni ya testosteroni, inayonenepesha misuli, ni mara kumi au zaidi kwa mwanamume mzima. Hivyo msichana anayefanya mazoezi hupata nguvu bila kupata umbo la mpiga mieleka. Mwanzo wake huwa nyuma zaidi, na kwa hiyo huhitaji majuma mengi zaidi. Katika misafara ya zamani wanawake walikuwamo, nao walibeba. Halima alikuwa miongoni mwa watu wa Livingstone walioendelea kuwa pamoja baada ya kifo chake mwaka 1873, wakati Susi, Chuma na wenzao walipoubeba mwili wake kupitia Tabora mpaka Bagamoyo.

Kuhusu chakula, inatosha kukumbuka posho ya mpagazi: kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, takriban gramu 700. Kama ni mtama, hiyo ni kilokalori 2,400 hivi na protini gramu 70 kwa makadirio. Mtama una upungufu wa lisini, ambayo maharage na kunde zinayo kwa wingi, na ndiyo sababu ugali na maharage pamoja hujenga mwili kuliko kimoja peke yake. Mwanafunzi anayepata mlo wa namna hiyo, pamoja na mboga, na dagaa wa Kigoma wanapopatikana, hana sababu ya kununua unga wa kopo wenye picha ya mtu aliyetuna.

Njia ya kufika juu

Asiyeweza kujivuta hata mara moja hapati faida kwa kurukaruka chini ya mwamba. Aanze kwa kuning'inia tu, sekunde kumi, kisha ishirini, mpaka vigasha vizoee. Baadaye, angali ameninginia na mikono imenyooka, avute makombe ya mabega chini bila kukunja viwiko. Mwendo huo ni mfupi, haumvutii mtazamaji, lakini bila huo bega huchukua mzigo vibaya.

Kisha ufuate ufunguo wenyewe. Msuli unaorefuka huku ukizuia uzito una uwezo mkubwa kuliko unapojifupisha, na hivyo mtu asiyeweza kupanda anaweza kushuka. Apande juu ya kiti au abebwe na mwenzake mpaka kidevu kivuke mwamba, aondoe miguu, na ashuke polepole kwa sekunde tano. Mara tatu au nne zatosha kwa siku ya kwanza, kwa kuwa zoezi hili ndilo liletalo maumivu ya keshokutwa. Lirudiwe siku mbili au tatu kwa juma, na sekunde ziongezwe kidogo kidogo, kama pembe ya mtoto wa Kinyamwezi.

Mwamba utakaotumika ukaguliwe na mwalimu. Goli lisilochimbiwa ardhini lisining'inizwe mtu kamwe, maana likipinduka huweza kuua. Tawi la mwembe, hata liwe nene, huoza kwa ndani bila kuonyesha.

Shule yenye mizani ya kusimamia inaweza kufanya jaribio zuri la darasa. Mizani iwekwe chini ya mwamba wa kimo cha kufaa. Mwanafunzi wa kilo 55 asimame juu yake, ashike mwamba kwa mikono iliyokunjwa kidogo, avute kwa nguvu zake zote huku miguu ikigusa mizani. Ikiwa mizani itasoma 20, mikono yake imechukua kilo 35, ambayo ni kani ya nyutoni 343. Apimwe mara tatu na wastani uandikwe. Kimo cha mwamba na pembe ya viwiko visibadilishwe, kwa kuwa kani hubadilika na pembe. Jaribio lirudiwe kila baada ya majuma mawili na matokeo yachorwe kwenye grafu, mstari mmoja wa uzito wa mwili na mwingine wa kani ya mikono. Siku mistari hiyo miwili inapokutana, mizani husoma sifuri na miguu iko hewani.